Milimita Moja, Mara Hamsini na Mbili

Aliyehusika na kimo cha uongo cha Mlima Kenya katika vielelezo vilivyosambazwa shuleni na karakana yetu ni Mkuu wa Kitengo wa wakati ule, ambaye ndiye aliyetoa amri. Aliyeitekeleza amri hiyo kwa kisu ni mimi, Roselida Nafula, mkataji wa vielelezo vya milima, mstaafu tangu mwezi uliopita. Mzee Zakaria Wesonga, aliyekuwa fundi mkuu, hakuhusika. Alikataa, tena kwa maandishi. Nayaweka haya mwanzoni kwa sababu kijitabu cha maonyesho kilichotolewa na ofisi wiki ile ile niliyoaga kinasema kinyume chake, na nyinyi vijana mnaobaki karakanani mtakisoma na kukiamini. Mkuu huyo simtaji jina. Bado hajaitwa kujibu, na haki ya kujibu ni yake pia.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa kidato cha nne, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeishi Makongeni. Karakana ilikuwa nyuma ya maghala, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Nilifika siku ya kwanza nikiwa na viatu vya kanisani na wazo kwamba nitapiga taipu. Mzee Zakaria alinipokea mlangoni akiwa na koti jeupe, mfukoni amepanga penseli kuanzia ngumu hadi laini. Alinitaka niache kikombe changu cha chai nje. Chai, alisema, haikaribii kadi kwa hatua tano, na sheria hiyo haikuwahi kulegezwa hata siku za mvua.

Alinitandikia karatasi iliyojaa mistari ya kahawia iliyozungukana.

“Hii ni nini?”

“Ni kama pete za gogo lililokatwa, Mzee.”

“Si vibaya. Huu ni mlima uliolala. Kazi yako hapa ni kuuamsha.”

Kwa wale kati yenu ambao mmekuta mashine ikikata kila kitu, nieleze tulivyofanya. Kila mstari wa kontua huunganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Kwa kila mita mia moja tulikata kadi moja yenye umbo la mstari ule, unene wake milimita mbili. Kadi ziligandishwa moja juu ya nyingine, kubwa chini, ndogo juu, mpaka kilele. Kisha tulipaka plasta, tukatengeneza kalibu, na kutoka kwenye kalibu tukamimina nakala za shule. Hesabu yake hata mtoto aliielewa: sentimita moja ya mezani ni mita mia tano za ulimwengu.

Palikuwa na desturi moja ambayo Mzee aliisimamia kama sala. Kabla ya kugandisha kadi ya chini kabisa, mkataji aliigeuza na kuandika kwa penseli mambo matatu: jina lake, unene wa kadi, na jina au cheo cha aliyeagiza kazi. “Siku mlima ukileta kesi,” alisema, “mtaupindua na kuuuliza wenyewe.”

Mwaka wangu wa tatu ndipo ilipokuja kazi ninayoihesabu kuwa sherehe ya maisha yangu. Tuliagizwa kujenga meza moja ya milima mirefu ya ulimwengu, yote kwa skeli moja, yote ikianzia usawa wa bahari, ili mtoto wa shule aweze kusimama na kulinganisha kwa jicho na kwa mkono. Mzee Zakaria siku hiyo alitembea karakanani kama mtu aliyepata mjukuu. Alibandika ramani ya Asia ukutani, akachukua pini nyekundu kumi na nne.

“Nafula, vilele vinavyozidi mita elfu nane duniani ni kumi na vinne. Hesabu.”

Nilizichoma pini zote. Hakuna hata moja iliyotoka nje ya Asia. Zote zilijipanga katika safu za Himalaya na Karakoram kama watu waliosikia mlango mmoja umefunguliwa. Nilimuuliza kwa nini pale tu, na Afrika imekosa nini. Mzee alichukua kitambaa cha meza, akakiwekea mkono mmoja huku na mwingine kule, akasukuma. Kitambaa kikakunjamana katikati.

“Bara Hindi linaisukuma Asia. Limesukuma kwa mamilioni ya miaka, na hata leo halijachoka. Ndiyo maana kileleni mwa Everest kuna mawe yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Sakafu ya bahari, Nafula! Iko juu kuliko wanakoruka ndege wengi wenye mabawa ya manyoya, na bado inapanda.”

Sikulala kwa furaha, na sioni aibu kuliandika hilo katika waraka rasmi.

Everest ilimeza kadi themanini na nane na kipande. Kangchenjunga ilikuwa pana na mvumilivu. K2 ndiyo iliyonitesa. Kontua zake zimebanana hivi kwamba kadi moja hutokeza mbele ya mwenzake kwa upana wa uzi, na kisu kikikosea kidogo unakuwa umekata ukuta mzima wa mlima. Niliharibu kadi kumi na moja na kidole gumba kimoja. Mzee alikitazama kidole, akasema, “Huko kwenyewe mlima huu huchukua zaidi ya kidole,” akaniletea bandeji. Aconcagua ya Amerika Kusini ilikuja kama mapumziko. Kilimanjaro ilikuwa raha tupu, mlima uliosimama peke yake bila safu wala jamaa, ukapanda kutoka tambarare kama ngoma iliyowekwa sakafuni. Meza ilipofika sentimita kumi na moja na nukta nane kwenye kilele cha Kibo, sote tulipiga makofi.

Mwisho tukaujenga wetu. Kwa kadi za milimita mbili, Mlima Kenya ulifika sentimita kumi na nukta nne. Ulikuwa mzuri, wenye meno ya Batian na Nelion na mabonde yanayotawanyika kama vidole. Ila uliwekwa kando ya Everest yenye sentimita kumi na saba na nusu na ushei, na mbele ya Kilimanjaro. Mkuu wa Kitengo alikuja kukagua kabla ya wageni wa uzinduzi kufika. Alisimama mbele ya meza muda mrefu.

“Zakaria, huu ni nini? Kichuguu?”

“Ni mita elfu tano mia moja tisini na tisa, Mkuu. Kama ulivyo.”

“Wageni watatoka nchi jirani. Watasimama hapa waone mlima wao umetuzidi mezani petu wenyewe?”

“Umetuzidi hata nje ya meza, Mkuu.”

“Ongeza kidogo. Nani atapima?”

“Nikiongeza mmoja, lazima niongeze yote.”

“Nimesema wetu.”

Mzee Zakaria alivua koti, akaenda kwenye taipu ya ofisi, akaandika waraka wa aya mbili kueleza kwamba kubadili unene wa kadi kwa mlima mmoja kutauharibu ukweli wa meza nzima, na kwamba hatashiriki. Alitia sahihi, akaupeleka mwenyewe, akapigiwa muhuri wa kupokelewa. Nakala iliingia kwenye faili. Niliuona muhuri ule kwa macho yangu.

Mchana huo huo Mkuu aliniita mimi. Alinipa kadi mpya, za milimita tatu. Akaniambia mimi ni kijana, na kwamba nchi inahitaji vijana wanaojua kupenda vya kwao. Sasa nafika mahali ambapo ningependa kusema kwamba mikono ilinitetemeka. Haikutetemeka. Nilikata kadi hamsini na mbili kwa siku nne, nikiimba. Milimita moja ya ziada, mara hamsini na mbili, na mlima wetu ukafika sentimita kumi na tano na nukta sita. Ukaipita Kilimanjaro. Ukaipita Aconcagua. Ukazipita zote isipokuwa zile za Asia. Nilipomaliza niliigeuza kadi ya chini na kuandika kama nilivyofundishwa: R. Nafula, kadi milimita tatu, amri ya Mkuu wa Kitengo. Niliandika kwa fahari.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Kalibu zikatengenezwa. Nakala zikaenda shuleni.

Barua ilitoka Kariobangi. Mwalimu Tabitha, wa darasa la sita, aliandika kwa adabu kwamba wanafunzi wake wamekataa kusahihishiwa jibu la mtihani. Kitabu kinasema Kilimanjaro ndio mrefu Afrika. Wao wameipima milima wenyewe kwa rula na wamekuta vingine. Alituomba tuje tuamue. Mkuu aliandika pembeni mwa barua, “Fundi Mkuu ashughulikie,” na Mzee akanichukua twende.

Shule ilipakana na mafundi wa jua kali, na mlio wa nyundo uliingia darasani kama mwanafunzi mwingine. Nakala ya meza yetu ilikuwa mbele, chini ya ubao. Watoto walikuwa hawajakaa hata mmoja.

“Mzee, watoto wangu wamenishinda,” Mwalimu Tabitha alisema. “Waambie wewe.”

“Tichee, si nilipima na rula!” Msichana mmoja, Achieng, aliiinua rula yake juu kama ushahidi mahakamani. “Hii yetu kumi na tano na nusu, Kili kumi na moja na kitu. Kili tumeipita, tumeikalia chapati!”

“Buku ndiyo imebeba uongo!” mwingine akadakia nyuma, na darasa zima likashangilia.

Mzee Zakaria aliomba rula. Alipima mlima wetu mara moja tu, akanitazama mara moja tu, akamrudishia Achieng rula yake. Kisha akaomba mpira. Wakamletea mmoja uliopungua hewa, kama ilivyo mipira yote ya shule. Aliushika kwa viganja juu na chini, akaubana.

“Mnaona nini?”

“Umetoa kitambi!”

“Dunia nayo inazunguka, na kwa kuzunguka imetoa kitambi. Kitambi hicho kiko kwenye ikweta. Mlima Kenya uko wapi?”

“Kwenye ikweta!”

“Sasa nisikilizeni vizuri. Ukipima kutoka usawa wa bahari, Everest ni wa kwanza, na Kilimanjaro ni wa kwanza Afrika. Hapo kitabu hakijakosea. Lakini ukianza kupima kutoka katikati kabisa ya Dunia, katikati ya mpira huu, wa kwanza ni Chimborazo wa Ekwado, kwa sababu umesimama juu ya kitambi. Everest hauko hata karibu na nafasi ya kwanza. Na huu wetu, jinsi ulivyo, bila kuongezwa kitu, kilele chake kiko mbali na katikati ya Dunia kuliko kilele cha Everest. Kwa karibu kilomita moja.”

Darasa likalipuka. Walirukaruka, waligonga madawati, mmoja alipanda dirishani kuwapigia kelele mafundi wa nje kwamba Everest imepitwa. Mwalimu Tabitha alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa leso. Nami, niliyeikata Everest kadi baada ya kadi, nilikuwa nalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Achieng peke yake hakuruka.

“Sasa Mzee, kama tulikuwa tunashinda tayari, mbona mkatudanganya?”

Alikuwa na haki ya kujibiwa na mimi. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake na nikayatazama madirisha. Mzee Zakaria ndiye aliyejibu.

“Tumekosea, mama. Tunaomba msamaha. Tutaurekebisha.”

Mwalimu Tabitha, kwa moyo safi, aliandika barua ya shukrani. Alieleza jinsi fundi mkuu alivyokuja mwenyewe, akakiri kosa na kuwaomba watoto msamaha. Barua hiyo ndiyo iliyommaliza Mzee. Ikaundwa kamati ya uchunguzi, na Mkuu akaiweka barua hiyo mbele yake kama ungamo. Kamati ilikaa asubuhi nzima kuuzunguka mlima ule, watu watano na wino wao, na hakuna aliyenyoosha mkono kuupindua. Waraka wa pingamizi ulitafutwa kwenye faili na haukuonekana. Mzee aliulizwa kama ni kweli alikiri. Alisema aliomba msamaha kwa niaba ya karakana, na kwamba maelezo mengine waliyo nayo kwa maandishi. Waliandika “uzembe,” wakampa karipio, wakamhamishia ghala la karatasi, naye akastaafu kutoka huko. Kalibu hazikuguswa, kwa sababu kutengeneza nyingine kungekuwa kukubali kwamba za kwanza zilitoka kwa idhini ya mtu.

Mimi nilikuwa ndani ya chumba kile nikiandika kumbukumbu za kikao. Niliziandika sawasawa, kila neno lililosemwa. Langu halikuwamo, kwa sababu sikulisema.

Miaka mingine iliyofuata nimeifanya kazi hii kwa mapenzi, na msidhani vinginevyo. Nimekata Denali ya Alaska na Elbrus ya Kaukasi. Nimejenga sanduku refu la kuonyesha Mauna Kea ya Hawaii, ambayo sehemu kubwa ya mwili wake imezama, na ukiihesabu kutoka miguuni mwake chini ya bahari inauzidi Everest. Everest ilipopimwa upya na kuongezewa sentimita themanini na sita, kijana mmoja alikuja mbio kuniuliza kama tunabomoa kilele. Nilimwonyesha kwamba kwa skeli yetu nyongeza hiyo ni nyembamba kuliko rangi. Tulipaka mkono mmoja wa rangi nyeupe na kuihesabu kazi imekwisha. Hizo ndizo furaha za karakana, na nawatakia nyinyi kama hizo.

Kisha likatoka toleo hili la kijitabu. Ukurasa wa picha ya Mlima Kenya unasema kimo chake kikubwa mno katika meza ya zamani kilitokana na “hitilafu ya kipimo iliyosababishwa na Fundi Mkuu Z. Wesonga.” Na kalibu zile zile zinaandaliwa kumimina nakala mpya.

Nilikipeleka kijitabu Njiru, anakoishi na binti yake. Amezeeka, lakini penseli bado ziko mfukoni kwa mpango ule ule.

“Karibu, Nafula. Wamekuachilia?”

“Nimestaafu, Mzee.”

“Ni hilo hilo.” Alisoma ukurasa bila miwani. “Hitilafu. Wamenipandisha. Zamani walisema uzembe.”

“Mzee, ni mimi niliyeukata.”

“Najua. Kisu chako huinama kushoto kwenye kona. Batian yako ilikuwa inainama kama mtu anayesikiliza umbea.”

“Kwa nini hukunitaja?”

“Nilishaandika waraka, ukapigwa muhuri. Nilitegemea wanaosoma.” Alikifunga kijitabu, akakiweka mezani kikiwa kimefunikwa uso. “Mimi halinisumbui tena. Ila mjukuu wangu analetewa hiki shuleni. Juzi ameniuliza, ‘Guka, huyu Z. Wesonga aliyekosea ni wewe?’ Sikujua nimjibu nini ambacho kitaaminika kuliko kitabu.”

Siku ya pili yake nilirudi ofisini kama mgeni, nikajiandikisha getini, nikaomba kuuona mlima asili ghalani mbele ya Mkuu wa sasa. Tuliupindua pamoja. Maandishi ya penseli yako pale yote, hayajafutika hata herufi. Mkuu wa sasa aliyasoma mara mbili.

“Madam, haya ni mambo ya kale. Tukiyafukua yatamsaidia nani?”

“Yatamsaidia mtu aliye hai, anayeishi Njiru, na jina lake liko kwenye kitabu chenu kipya.”

“Nitalifikiria.”

Kufikiria si utaratibu unaotambuliwa na kanuni zozote nilizofanyia kazi. Kwa hiyo nadai, rasmi na mbele yenu nyote, kwamba usambazaji wa kijitabu usimamishwe na ukurasa ule uandikwe upya, ukitaja amri ilitoka kwa nani na ilitekelezwa na nani. Karipio la Mzee Zakaria Wesonga lifutwe kwa barua yenye muhuri, ipelekwe kwake akiwa hai wa kuisoma, na nakala ipelekwe katika shule ya mjukuu wake. Hakuna nakala hata moja imiminwe kutoka kwenye kalibu zile. Mlima ukatwe upya kwa kadi za milimita mbili, na kando yake liandikwe lile la kilomita moja, maana ni kweli na watoto wanastahili kulijua. Iulizwe pia, na ijibiwe kwa maandishi, waraka uliopigwa muhuri uliondokaje kwenye faili.

Na kamati itakapoitishwa, nadai niitwe mimi kwanza, nieleze kwa nini niliandika kumbukumbu za kikao kile chote bila kusimama niseme ukweli. Nitafika saa mbili kamili asubuhi.